Apdeti ya Jumanne

Jumatano asubuhi Mama Nakshi aliiwasha kompyuta yake, na kompyuta ikamwambia asubiri.

Kioo kilikuwa cha buluu, vidoti vinazunguka katikati kama vimepotewa na kitu, na chini yake maneno machache: Inasasisha, asilimia 27. Usizime. Alivaa miwani akayasoma upya. Katika miaka sita aliyokaa na laptopu ile haikuwahi kumwamuru lolote. Ilikuwa inawaka, inafungua programu ya kudarizi, inaipelekea mashine michoro kwa waya, jioni inazimwa na kufunikwa kitambaa. Ndiyo iliyokuwa kazi yake yote duniani.

"Karani!" aliita. "Njoo uone."

Mumewe alitoka jikoni na sufuria mkononi. Watu wote wa mtaa walimwita Karani, hata baada ya kustaafu idara ya maji, hata mkewe. Alisimama mlangoni, mbali kidogo, akanyoosha shingo.

"Labda inajisafisha," alisema.

"Inajisafisha nini? Umeigusa?"

"Mimi? Mimi na kompyuta wapi na wapi."

Akarudi jikoni. Mama Nakshi alitazama mgongo wake ukiondoka, akatazama ile karatasi iliyobandikwa juu ya kioo tangu mwaka wa kwanza: HAKUNA INTANETI. Mwandiko wenyewe ulikuwa wa Karani, herufi za kiofisi zilizopangwa kama askari. Aliyewauzia mashine aliwaonya kwamba programu ile ni ya zamani, na kompyuta ikionja intaneti tu itajibadilisha na haitaelewana tena na mashine. Miaka miwili baadaye yule muuzaji alifunga duka, akaondoka na namba yake ya simu. Onyo lake ndilo lililobaki.

Mezani kulikuwa na beji hamsini na mbili zilizokwisha, zimefungwa kwa mpira kumikumi. Zilitakiwa mia na ishirini. Chuo cha wauguzi kilikuwa na sherehe ya kiapo Jumamosi, na Matroni angekuja kuzichukua mwenyewe Ijumaa saa kumi na moja jioni. Fremu moja ya mashine ilibeba beji nne, na fremu moja ilichukua saa nzima. Hesabu hiyo alikuwa nayo kichwani tangu Jumapili, na ilikuwa inatosha bila wasiwasi.

Saa tatu ikawa asilimia 41. Saa nne ikawa 43. Saa tano kompyuta ilijizima, ikajiwasha yenyewe na kuanza tena na sifuri.

Alikaa mbele yake mikono mapajani. Kuna uchovu wa kufanya kazi na kuna uchovu wa kuzuiwa kufanya kazi, na huu wa pili ndio ulimmaliza. Karani alipita mara tatu nyuma yake. Mara ya kwanza alileta chai. Mara ya pili alifagia sakafu ambayo ilikuwa safi. Mara ya tatu alisimama tu.

"Leo umeamka vizuri," Mama Nakshi alimwambia bila kugeuka. "Chai, ufagio. Kuna nini?"

"Kwani mtu hawezi kufagia nyumba yake?"

Saa nane mchana kompyuta ilifunguka. Ilikuwa na sura ngeni: rangi mpya, vitufe vimehamia katikati, na sauti ya mwanamke ikimkaribisha kama mgeni. Alipita juu ya vyote hivyo, akabonyeza picha ndogo ya sindano aliyoizoea. Kikajitokeza kisanduku: Programu hii haiwezi kutumika kwenye toleo hili. Wasiliana na aliyekuuzia.

Aliibonyeza tena. Akaibonyeza tena na tena, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wameshahama.

*

Matroni alikuja jioni ile ile bila kuitwa. Alikuwa na tabia ya kukagua, wodini na nje ya wodi. Alizihesabu beji hamsini na mbili, akageuza moja nyuma kuangalia nyuzi, akaridhika, kisha akatazama mashine iliyonyamaza.

"Mbona imelala?"

"Kompyuta imejifanyia apdeti, Matroni. Kesho asubuhi namwita fundi."

"Kesho." Matroni alikaa bila kuvua mkoba begani. "Mama Nakshi, mimi nakuamini, unajua. Lakini wasichana wangu mia na ishirini watasimama mbele ya wazazi wao. Siwezi kuwasimamisha nusu wana beji na nusu hawana. Yule bwana wa mashine sita kule mjini nikimpigia sasa hivi, kesho jioni ninazo zote."

"Za yule zinanyofoka zikifuliwa."

"Zinanyofoka, ndiyo. Lakini zitakuwepo."

Kazi ya chuo kile ndiyo iliyompa Mama Nakshi jina. Waliomletea fulana za timu na vitambaa vya harusi wote walianza kwa kuuliza, si wewe unayewashonea wauguzi? Chuo kikienda kwa mashine sita leo, mwakani hakitarudi, na wengine watakifuata. Yeye angebaki na mashine moja iliyofunikwa kitambaa na sifa za zamani.

"Nipe mpaka kesho saa sita," alisema. "Kama haijafufuka saa sita, nitakupigia mimi mwenyewe, umpe yeye."

Matroni alimtazama usoni kwa muda, kama anavyotazama mgonjwa anayedai hajambo. "Saa sita," alisema. "Na upumzike. Macho yako mekundu."

Wakati wote huo Karani alikuwa kwenye kona, na gazeti aliloshika lilikuwa la wiki iliyopita.

*

Fundi wa kompyuta aliitwa Kasuku kwa sababu alirudia kila alichoambiwa. Alikuwa mtu mzima wa makamo, mwenye kibanda cha kutengeneza redio na kila kitu chenye waya. Hakuwa mjinga hata kidogo. Kurudia ndiko kulikuwa kufikiri kwake. Alifika Alhamisi saa tatu, akakaa mbele ya kompyuta, akavuta pumzi.

"Ilikuwa inafanya kazi Jumatatu," Mama Nakshi alieleza.

"Jumatatu ilikuwa inafanya kazi."

"Jumanne nilikwenda sokoni kununua nyuzi, nikapitia kwa dada, nikarudi jioni. Sikuiwasha."

"Hukuiwasha."

"Jumatano nikaikuta hivi."

"Hivi." Kasuku alibonyeza hapa na pale, midomo ikicheza. "Sasa mama, kompyuta haiokoti apdeti njiani. Kuna mtu aliiunganisha na intaneti. Jumanne, saa nne na robo asubuhi. Ikakaa hewani mpaka saa kumi na moja. Miaka sita ya apdeti ilikuwa inasubiri mlango, ikaingia yote."

"Nyumba hii tuko wawili," alisema Mama Nakshi.

"Mko wawili," alisema Kasuku, kisha akajifanya kusafisha kioo kwa mkono wa shati.

Karani hakuwepo. Alikuwa ameaga asubuhi kwamba anakwenda kunyoosha miguu.

"Inatengenezeka?"

"Inatengenezeka. Kompyuta inakumbuka ilivyokuwa kwa siku kumi tu. Ningekuja wiki ijayo ningekwambia pole. Naweza kuirudisha Jumatatu. Ila vilivyoingia tangu Jumanne vitafutika, kwa hiyo lazima nikuulize kwanza." Aligeuza kompyuta upande wake. "Hizi picha nifute?"

Zilikuwa picha kumi na moja, zote zimepigwa na kamera ndogo ya kompyuta yenyewe, zote Jumanne asubuhi, zote za Karani. Alikuwa amevaa koti lake la ofisini na tai ya buluu ya idara ya maji, ile ambayo hakuitoa kabatini tangu siku waliyomuaga kazini. Katika moja amegeukia kushoto. Katika nyingine kulia. Katika nyingine ameinua kidevu. Katika picha tano amefumba macho, kila moja kwa nguvu zaidi ya iliyotangulia, kama mtoto anayejilazimisha kulala.

Mama Nakshi alishika ukingo wa meza. "Anafanya nini?"

"Anafanya..." Kasuku aliacha kurudia. Alifungua ukurasa wa mwisho uliotembelewa, na wote wawili wakausoma. Ulikuwa wa ofisi ya pensheni. Uhakiki wa wastaafu: thibitisha kuwa uko hai. Mwisho Ijumaa, saa tisa alasiri. Asiyehakikiwa ataondolewa kwenye orodha.

"Baba yangu walimsumbua hivyo hivyo," alisema Kasuku kwa sauti ya chini. "Madirisha ya ofisi wameyafunga. Siku hizi unakaa mbele ya kamera, inakwambia geuka, inakwambia pepesa macho, ikiridhika unaambiwa uko hai. Hapa mzee alikuwa anafanya mazoezi. Halafu alipoanza uhakiki wenyewe, apdeti ikaizima kompyuta katikati. Hakumaliza."

"Na simu yake haiwezi?"

"Ya mzee ni ya kubonyeza. Haina hata kamera."

Mama Nakshi alikuwa na hasira tangu jana, amezikusanya vizuri na kuzipangia maneno, na sasa hakujua azipeleke wapi. Alitaka kucheka ile tai. Alitaka kulia. Alikuwa amechoka mno kwa vyote viwili.

"Usizifute," alisema. "Ziweke pembeni, mahali salama. Halafu nirudishie Jumatatu yangu."

Saa tano na nusu picha ndogo ya sindano ilifunguka kwa rangi zake za zamani, mbaya mbaya, zinazopendeza. Saa sita kasoro alimpigia Matroni. Saa saba mashine ilikuwa inakimbia, na nyumba nzima ikajaa ule mlio wake wa tak-tak-tak ambao majirani walikuwa wameshaacha kuusikia.

*

Karani alirudi wakati fremu ya kwanza inaisha. Alisikia mlio tangu nje, akaingia uso umemkunjuka.

"Imepona!"

"Imepona."

"Nilikwambia inajisafisha."

Mama Nakshi alitoa beji nne kwenye fremu, akakata nyuzi zilizoning'inia, akatega kitambaa kingine. Alikuwa amepanga asiseme. Lakini uongo ule wa kujisafisha, kuurudia mara ya pili, ulimchoma.

"Kwa nini hukuniambia habari ya uhakiki?"

Karani alikaa kitini polepole. Alivua kofia, akaiweka gotini, akaizungusha.

"Nilikwenda intaneti kafe Jumatatu," alisema hatimaye. "Kumejaa watu. Yule binti wa pale ananipigia kelele, Babu, pepesa macho! Babu, toa miwani! Mimi napepesa. Anasema mfumo unakataa, unasema huyu si mtu hai, labda ni picha. Watu wakaangua kicheko, hata mimi nikacheka. Nikaondoka nacheka." Alizungusha kofia. "Miaka thelathini na moja nilikuwa naandika watu kwenye daftari, mama. Nani ana maji, nani hana. Sikuwahi kumpigia mtu kelele dirishani."

"Ungeniambia mimi."

"Ningekwambia nini? Kwamba nimeshindwa kupepesa macho?"

Mashine ilifika kwenye majani ya nembo ya chuo, mahali ambapo uzi hupenda kukatika, na Mama Nakshi akaegemeza kidole karibu, kama kawaida yake. Hakuwahi kuiacha mashine ikienda peke yake. Hata chooni alikwenda kati ya fremu na fremu.

"Nikaazima kwa jirani modemu, kile kidude cha intaneti," Karani aliendelea. "Nikasema dakika tano tu, hutajua. Ilipojizima nikaogopa kuigusa. Nikaiacha mpaka niliposikia geti. Ile karatasi ya hakuna intaneti niliiandika mimi mwenyewe, na nilikuwa naisoma huku nachomeka."

"Jana ningepoteza chuo."

"Najua."

"Uliona Matroni amekaa pale na mkoba begani, ukasoma gazeti la wiki iliyopita."

"Najua, mama. Nilikuwa naona aibu."

"Na leo ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda tena. Nikafika mlangoni, nikamwona yule binti, nikageuza."

Mama Nakshi aligeukia mashine. Alidarizi fremu saba siku ile, mpaka mgongo ukakataa. Zikabaki kumi.

*

Ijumaa alianza saa kumi na mbili asubuhi. Karani alikata vitambaa na kufunga beji kumikumi, kimya kimya, akikosea hesabu na kuanza upya. Hakugusia pensheni, naye Mama Nakshi hakugusia, na kadiri saa zilivyokwenda ndivyo kila mmoja alivyozidi kuangalia ile saa ya ukutani kwa kuibia.

Saa sita mchana zilibaki fremu nne. Kwenda kafe na kurudi ni saa nzima. Matroni saa kumi na moja. Karani saa tisa. Mama Nakshi alizipanga saa hizo na kuzipangua, na kila alivyozipanga, mashine ilibidi ibaki peke yake saa moja.

Alitega fremu, akabonyeza kuanza, akaisikiliza kidogo. Kisha akasimama, akafungua khanga ya kazini kiunoni.

"Vaa tai yako," alisema.

"Na mashine?"

"Itajitegemea. Vaa upesi kabla sijabadili mawazo."

Kafe ilikuwa imejaa hasa, nusu yao wazee, kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Binti wa pale alikuwa anatafuna bazoka. Hakuwa mbaya, naye alikuwa amechoka tu, tangu asubuhi anahakiki wazee. Zamu yao ilipofika akamkalisha Karani, akapaza sauti kutoka alikosimama.

"Babu, toa miwani! Pepesa macho! Babu! Pepesa!"

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mabega ya Karani yalipanda, na kile kicheko chake cha kujitetea kikaanza kumtoka.

"Binti yangu," Mama Nakshi alisema, wala hakupandisha sauti. "Masikio anayo. Mwambie polepole, atafanya."

Akasimama nyuma ya kompyuta, kichwa chake kikitokeza juu ya kamera. "Usiangalie kioo. Niangalie mimi," alimwambia mumewe. Aligeuka kushoto, naye akageuka. Aligeuka kulia, naye akageuka. Akapepesa macho mara mbili, taratibu, watu wote wanaona, mwanamke wa miaka sitini akipepesa macho kafeni mchana kweupe. Karani akapepesa. Hakuna aliyecheka safari hii, au kama yupo hawakumsikia.

"Imekubali," alisema binti. Akachapa karatasi, akampa kwa mikono miwili. "Shikamoo babu. Samahani."

Ilisema: Amethibitishwa kuwa hai hadi tarehe hii mwakani.

*

Walirudi kwa miguu, Mama Nakshi mbele. Karani alikuwa ameikunja karatasi mara nne na kuitia mfuko wa ndani wa koti, lakini kila hatua kumi aliipapasa.

"Mwakani tena," alisema.

"Mwakani tena. Twende, mzee, kaza mwendo."

"Na wewe je?"

"Mimi nini?"

"Mimi wananiuliza kila mwaka kama niko hai. Wewe nani anakuuliza?"

Mama Nakshi alicheka, mara ya kwanza tangu Jumanne, kicheko kifupi kilichomkata pumzi. "Mimi sina haja. Siku nikifa mashine itanyamaza. Mtajua."

Karani hakucheka. Walikuwa wamefika kwenye kona ya duka, pale ambapo kila siku mlio wa mashine ulianza kusikika, na hapakuwa na mlio wowote. Alimshika mkewe mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, kama anayetaka kuhakikisha jambo.

Ndani, taa nyekundu ya mashine ilikuwa inawaka. Uzi umekatika. Ulikatika kwenye majani ya beji ya kwanza kabisa, dakika chache tu baada ya kutoka wao. Saa ya ukutani ilisema saa saba. Fremu nne, saa nne, na Matroni hajawahi kuchelewa maishani mwake.

Alikaa, akachukua uzi, akaulamba, akauelekeza kwenye tundu la sindano. Ukapita pembeni. Akajaribu tena, ukapita pembeni. Tundu mara lilikuwa moja, mara mawili. Alivua miwani akaifuta, akajaribu mara ya tatu. Kisha akaweka mikono mapajani kama alivyoiweka siku ya Jumatano, akatulia.

"Nionyeshe unapita wapi," alisema Karani.

Kwa miaka sita hakuwahi kuigusa mashine ile. Alivuta kiti akakaa bega kwa bega na mkewe, koti na tai yote mwilini. Mama Nakshi alimwonyesha: kutoka kwenye gurudumu la uzi, hapa juu, nyuma ya kijiti hiki, shuka, panda, shuka tena. Karani aliufuata uzi kwa kidole, akitaja kila kituo kwa sauti ndogo, kama aliyekuwa akisoma majina ya watu kwenye daftari. Alipoinama kwenye sindano, tai iliangukia juu ya fremu, na Mama Nakshi akaitupa nyuma ya bega lake.

Ncha ya uzi ilisimama mbele ya tundu.

"Usipepese macho," akamwambia.